Steringi wa Makopo ya Biskuti

Ijumaa iliyopita mlinikatia keki, mkanipa na saa ya ukutani, kana kwamba mtu akishastaafu ndipo anapohitaji kujua saa. Nawashukuru. Mkaniomba pia niandike machache kuhusu miaka yangu kwenye meza ya kutengenezea filamu, ili wanaokuja nyuma wapate la kujifunza. Nimekaa, nimeandika. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa tukigombana nacho kila siku pale karakana. Wale mliozaliwa hapa hapa Johannesburg, mnaokielewa lakini mnajibu kwa Kizulu, wapeni mama zenu wawasomee. Habari za vyeo hamtaziona humu, maana karakana yetu haikuwa navyo. Za mshahara nazo naziruka, kwa kuwa nao miezi mingine ulikuwa ukiniruka mimi.

Nianzie Tanga, nilikozaliwa, kwa sababu kosa langu kubwa kazini nilitoka nalo huko. Baba yangu alikuwa akichana tiketi mlangoni mwa sinema, nami nilikulia kwenye magoti yake. Kabla sijajua kusoma nilizijua sheria tatu za picha, ambazo kila mtoto wa mtaani kwetu alizijua. Ya kwanza, steringi, yule shujaa wa picha, hafi. Ya pili, rafiki wa steringi hufa, tena karibu na mwisho, ili steringi apandwe na hasira. Ya tatu, adui mkubwa huja kushikwa mwishoni kabisa, watu wakiwa wameshasimama juu ya viti. Ukichelewa kuingia, humwulizi jirani picha inahusu nini. Unamwuliza, "Steringi nani?" Akishakuonyesha yule mzuri wa sura aliyepanda farasi mweupe, unatulia. Hata akipigwa risasi kumi, wewe unakula karanga zako.

Johannesburg nilikuja kumfuata mume wangu, aliyekuwa akiuza viatu. Baada ya mwaka mmoja wa kukaa ndani nikitazama ukuta wa jirani, nikapanda ngazi za jengo moja la Doornfontein, juu ya karakana ya fundi makochi, kwa sababu niliambiwa kuna watu wanatengeneza filamu za zamani na wanataka mtu mwenye mikono mitulivu. Aliyenipokea alikuwa Papa Deo, Mkongo wa Lubumbashi, mfupi, amevaa koti jeupe kama daktari, na mfukoni ana kalamu nne. Kazi aliifundishwa na mapadri waliokuwa wakizungusha sinema vijijini kwa gari. Kuhusu zile kalamu, niliwahi kuziazima zote, na hakuna hata moja iliyokuwa ikiandika.

"Weye unajua filamu?" akaniuliza.

"Nimekulia sinema, Papa."

"Kuangalia ao kutengeneza?"

"Kuangalia."

"Bon. Hiyo ni ugonjwa. Tutakuponyesha."

Akanipa glavu za pamba, kioo cha kukuzia na kipande cha filamu, akaniketisha kwenye meza yenye taa chini yake. Amri yake ilikuwa moja: nisitazame picha, nitazame kingo tu. Saa sita mchana akaniuliza ninaona nini. Nikasema naona matundu. Akasema, "Rudia." Saa tisa nilikuwa nimeshaona mikwaruzo, alama ya kidole cha mtu aliyekula mafuta, mahali palipotiwa gundi mara mbili, na doa la maji lililojirudia na kujirudia kama mawimbi. Papa Deo akavuta kiti, akanifundisha lile jambo ambalo nimewafundisha ninyi nyote mpaka mkachoka.

Filamu iliyoviringwa ikiingiwa na maji, doa huacha alama katika kila mzunguko. Mizunguko ya nje ni mikubwa, ya ndani ni midogo. Kwa hiyo ukipima kutoka doa hadi doa, umbali mrefu ni wa nje, yaani mwanzo wa picha, na umbali mfupi ni wa ndani, yaani mwisho. Kwa utepe wa fundi cherehani unaweza kupanga vipande vya filamu nzima bila kujua hata inahusu nini. "Picha inasema uongo," alisema Papa Deo. "Njo kazi yake ile. Lakini kingo haina akili ya kudanganya." Utepe ule wa manjano mnaoutumia sasa kufungia mlango wa stoo ndio huo alionipa siku ile. Naomba mtafute kamba.

Miaka ilikwenda. Tuliletewa kila kitu kilichokatika, kilichoganda na kilichonuka. Mnaijua ile harufu ya siki ya filamu inayooza. Mume wangu aliniambia nikirudi jioni nanukia kachumbari. Tuliwahi kuletewa filamu ya harusi ambayo wadudu walikuwa wameitafuna mahali pamoja tu, usoni mwa bwana harusi, toka mwanzo hadi mwisho, bibi harusi wakamwacha salama. Mjane alipoiona akasema wadudu wale walichelewa. Papa Deo mwenyewe aliwahi kuiunga filamu ya ubatizo kinyumenyume, waumini wakawa wanatoka majini wakirudi nyuma, wakavu, wakienda zao nyumbani. Mchungaji aliitazama mpaka mwisho, halafu akasema kwa baadhi yao ndivyo ilivyokuwa.

Nilikuwa na mwaka wa kumi na mbili kazini alipokuja Gogo Sabina, na gogo kwa Kizulu ni bibi. Alitoka Soweto peke yake kwa teksi, bibi aliyepita themanini, mwembamba, kofia ya sufu kichwani, macho yake yameingiwa na ukungu. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye makopo mawili ya biskuti. Nilimsalimia kwa Kizulu changu cha kuombea maji. Akanijibu kwa Kiswahili, nikamtazama upya toka kofia hadi viatu.

"Usishangae, mntanami, mwanangu. Baba yangu alikuwa mtu wa Tukuyu. Alikuja kwa miguu. Halafu gereji yangu nimewapangisha vijana wenu wawili, wameweka spaza, kiduka chao. Kutwa nzima wanagombana, na mimi ninasikia." Akayaweka makopo mezani. "Wanasema hapa munafufua filamu."

"Tunajaribu, Gogo."

Akakaa, akanieleza. Baba yake, Mzee Ambokile, alikuwa mpishi katika kambi ya mgodi. Zamani hizo, enzi za picha bubu, walikuja Wazungu wakitaka kupiga picha ya makauboi. Amerika ilikuwa mbali, basi wakatumia vile vilima vya mchanga wa mgodi kuwa ndiyo milima ya Amerika. Farasi waliwapata wawili tu, waliobaki wakapanda nyumbu. Wakataka na mpishi wa kuchekesha, wakamwona Ambokile akimfukuza kuku, wakasema ni huyu.

"Kila Krismasi alituambia," Gogo alisema. "'Jambazi nilimshika mimi. Mimi mwenyewe, na nyumbu wangu.' Lakini ilipoonyeshwa mjini, watu weusi walikuwa hawaingii. Alisimama nje, karibu na mlango, akasikia watu wanacheka. Hakuiona hata mara moja."

Akalipapasa kopo.

"Siku moja walikuja wageni. Nilikuwa na miaka kumi na sita, najua kila kitu. Akaanza tena hadithi yake. Nikamwambia mbele yao, Baba, acha uongo. Eish. Hakuisema tena, mpaka tulipomzika."

Makopo yalikutwa na mwalimu aliyekuwa akisafisha stoo ya shule ya zamani ya mgodini. Juu ya mfuniko mtu alikuwa ameandika kwa penseli: mpishi na nyumbu. Mwalimu alikuwa jirani yake Gogo, akamletea.

"Daktari anasema macho yangu yamebakiwa na miezi," Gogo alisema. "Mimi sitaki senema. Nataka kujua kama nilimwita mwongo mtu aliyekuwa anasema kweli."

Nilimwambia arudi baada ya wiki tatu. Papa Deo alikuwa amekwenda Lubumbashi msibani, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu peke yangu, nami nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu nilitaka arudi aikute imekwisha.

Ndani ya makopo mlikuwa na vipande thelathini na kimoja. Filamu ilikuwa ile nyembamba isiyoshika moto, nakala iliyotengenezwa kwa ajili ya shule. Sehemu zote zenye maandishi, zile ambazo katika picha bubu hukueleza nani amesema nini, mtu fulani alikuwa amezikata akaondoka nazo. Kwa nini, sijui mpaka leo. Yakabaki mambo matupu: watu wanakimbia, wanaanguka, wanapeana mikono, na hakuna anayekwambia kipi kilitangulia.

Nikavisafisha, nikaviosha, nikavikausha. Kisha nikaviweka juu ya meza yenye taa, nikafanya kile nilichokatazwa siku ya kwanza. Nikatazama picha.

Na picha ilikuwa wazi, wallahi. Alikuwamo kijana mzuri, kofia kubwa, farasi mweupe. Nikasema, huyu hapa steringi, na hata pale alipovunja sanduku la dhahabu la mgodi nikasema anaificha mali isiibwe. Alikuwamo mpishi mweusi mwenye aproni, anamfuata yule kijana kila mahali na kikaango mkononi. Nikasema, huyu ni rafiki wa steringi, maskini, siku zake zinahesabika. Na kweli kipande kimoja kilimwonyesha anapigwa risasi kifuani, anaanguka kichwa mbele ndani ya pipa la unga. Alikuwamo pia mtu mmoja mweupe pe toka kichwani hadi viatuni, amepanda nyumbu, anamkimbiza steringi juu ya vilima mpaka steringi anaporomoka na kutumbukia kwenye tope. Nikasema, huyu ni jambazi aliyejifanya mzimu, na pipa analoibuka ndani yake katika kipande kingine ndilo maficho yake. Lakini kipande kingine kilimwonyesha steringi msafi, nguo zimepigwa pasi, bwana mkubwa wa mgodi anampa mkono na watu wanapiga makofi. Basi alitoka topeni mzima, kwa kuwa steringi hafi, na kupewa mkono ndio mwisho. Kifo cha mpishi nikakiweka kabla ya hapo kidogo, kwa mujibu wa sheria ya pili. Utepe wa kupimia ulikuwa kwenye ndoano mbele ya macho yangu. Sikuugusa. Utapimaje kitu unachokijua?

Kipande kimoja kilinisumbua, kifupi, kile ambacho mzimu anavua kofia na kutuinamia. Nikakitia katikati, nikaunga na gundi, nikasonga mbele.

Gogo Sabina alirudi siku ileile tuliyoahidiana, amevaa nguo ya kanisani. Nilimwekea kiti karibu kabisa na kitambaa cha kuonyeshea picha. Picha ilipoanza, na mzimu kutokea juu ya nyumbu, alitabasamu.

"Huyu mwendo ninaujua," akasema.

"Ni jambazi, Gogo. Baba anakuja."

Baba akaja. Alipomwona na kikaango chake alishika mkono wangu, akaminya, na hakuuachia. Akamwona anapigwa risasi. Akamwona anaanguka ndani ya pipa. Akangoja ainuke. Badala yake akaja yule kijana mzuri, akapewa mkono, watu wakapiga makofi, kitambaa kikawa cheupe.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, Gogo."

Akaanza kufunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, taratibu.

"Basi alikuwa mwongo," akasema. "Haya. Sasa najua. Ngiyabonga, asante, mntanami." Akashuka ngazi bila kukubali nimshike.

Nimefanya kazi nyingi mbaya, lakini hakuna iliyonikaa kooni kama ile niliyodhani nimeifanya vizuri. Siku mbili nilijiambia kosa si langu, nimeonyesha kilichokuwamo. Jumatatu Papa Deo alirudi, nikamsimulia yote, hata lile neno la Gogo kuhusu mwendo wa mzimu, akaitazama filamu yote amesimama, mikono nyuma. Mwisho akauliza neno moja.

"Ulipima?"

Angenigombeza ningepata nafuu, lakini hakunigombeza. Alichukua utepe kwenye ndoano akaniwekea mezani, halafu akaenda kuchemsha chai, jambo ambalo katika miaka kumi na miwili hajawahi kunifanyia.

Nikakata maunganisho yangu yote, nikapima. Doa la maji lilikuwapo kwenye kila kipande, kama nilivyofundishwa. Kijana kupewa mkono na bwana mkubwa: umbali mrefu kuliko vyote. Haukuwa mwisho, ulikuwa mwanzo. Walikuwa wakimkaribisha kazini. Kijana kuvunja sanduku la dhahabu, kisha mpishi kupigwa risasi: katikati. Mzimu juu ya nyumbu: mfupi. Kijana kutumbukia topeni: mfupi zaidi. Na yule mzimu anayevua kofia na kuinama, kile kipande kilichonisumbua, kilikuwa kifupi kuliko vyote, cha ndani kabisa. Picha nzima ilikuwa ikielekea kwake.

Nikachukua kioo cha kukuzia, nikamtazama mzimu usoni. Alipovua kofia, unga ulimwagika, na chini ya unga palikuwa na uso wa mpishi. Katika kipande kile anachoibuka pipani, ukikitazama kwa subira, unamwona anachomoa kikaango ndani ya aproni yake, kimebonyea pale kilipozuia risasi.

"Mwizi ni yule wa farasi mweupe," nikamwambia Papa Deo. "Nimempa usteringi mwizi."

"Juu ya nini?" akauliza, yaani kwa nini.

"Juu ya farasi."

Papa Deo akanywa chai yake. "Mwenye alimwona kwa mwendo ni bibi mwenye hana macho," akasema. "Enda umwite. Lakini hapana hapa. Filamu ya kuchekesha inataka watu."

Tulimwonyesha Jumamosi mchana, Rosettenville, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa la Papa Deo. Walikuja Wakongo baada ya mazoezi ya kwaya, mafundi cherehani na wasusi wa mtaani, na watu wa kwetu wa Tanga na Dar waliosikia kuna picha ya bure. Kwa kuwa maandishi yalikuwa yamekatwa, ilibidi mtu asimulie, na Papa Deo akanipa maikrofoni. Kwaya ilitaka kujua mimi Mwislamu nitaanza kwa sala gani. Nilianza kwa kuomba simu zizimwe.

Gogo hakutaka kuja. Vijana wake wa spaza walifunga duka wakambeba. Alipofika aliomba viti viwili mbele, akakalia kimoja, juu ya kingine akaweka begi lake. Mwanakwaya mmoja akauliza kama anaweza kukaa pale.

"Kuna mtu," Gogo akasema.

Taa zilipozimwa, na kijana mzuri kutokea na farasi wake, sauti ikatoka nyuma, ya muuza vitambaa wa Tanga, ile ile niliyokuwa nikiisikia utotoni. "Steringi nani?"

"Chagueni wenyewe," nikasema kwenye maikrofoni.

Wakachagua wote kama nilivyochagua mimi. Wakampigia makofi alipopewa mkono. Mpishi wakamcheka. Kijana alipovunja sanduku la dhahabu la mgodi, ukumbi uliguna, wengine wakadai nimeweka rili ya picha nyingine. Mpishi alipopigwa risasi mama mmoja wa Bukavu alisema, "Jamani, mpishi amekosa nini?" Akaanguka ndani ya pipa. Pipa likatulia. Gogo Sabina alikuwa ameinamisha kichwa, kwa sababu hapo alishapajua.

"Gogo," nikamwambia, maikrofoni nimeishusha. "Tazama."

Pipa likatikisika. Akainuka mtu mweupe pe, akapiga chafya, wingu la unga likapanda. Walinzi wa jambazi wakakimbia wakiacha bunduki. Akapanda nyumbu kinyume, akitazama mkia, akageuka, akamkimbiza yule wa farasi mweupe kilima baada ya kilima, kikaango juu, na watu wa Rosettenville wakasimama juu ya viti vya kanisa. Sikuwa nasimulia tena. Hakuna ambaye angenisikia. Wa Tanga walikuwa wakiita kwa pamoja, "Steringi! Steringi!" na Wakongo, ambao neno hilo si lao, wakalichukua nao wakaita.

Gogo alinivuta gauni.

"Wanasema nini?"

"Wanasema baba yako ndiye steringi."

"Steringi ni nini?"

"Ni yule asiyekufa, Gogo."

Hapo mpishi alikuwa ameshamfunga jambazi kwa kamba ya aproni. Akatugeukia, akavua kofia, unga ukamwagika, akainama. Gogo Sabina aligeukia kiti cha pembeni, akaweka mkono juu ya lile begi.

"Umesikia, Baba?" akasema. "Nisamehe."

Kopo jipya lililowekwa filamu ile nililitia lebo mwenyewe, lipo rafu ya tatu, mkono wa kushoto. Jina la picha niliandika kuwa halijulikani. Mwaka, haujulikani. Mahali pa mchezaji mkuu Papa Deo aliniazima kalamu moja kati ya zile nne, tukaitikisa kwa zamu, tukaipashia joto kwenye kikombe cha chai, mpaka ikakubali kuandika: Ambokile.